Singe ya Bibi

Katika ukoo wetu kuna kisu kimoja tunachokigombania watu watatu, na cha ajabu ni kwamba hatugombanii nani akichukue. Tunagombania hali yake. Baba mdogo anataka king'ae. Shangazi anataka kiendelee kukata. Mimi nataka kiachwe kama kilivyo, na nimegundua kwamba hayo maneno "kama kilivyo" ndiyo hoja ngumu kuliko zote mbili.

Kisu ni jina la nyumbani tu. Chenyewe ni singe ya Kijerumani, ile aina inayoitwa 71/84, iliyotengenezwa kwa ajili ya bunduki ya Mauser. Ilipotoka kiwandani ubapa wake ulikuwa na urefu wa sentimita 25 hivi. Leo urefu umepungua kidogo na upana umepungua sana; jiwe la kunolea limeula ubapa katikati mpaka umebonyea kama mwezi mwandamo. Mgongoni mwa ubapa, ukiwasha tochi ya simu na kuinamisha kidogo, unaona taji dogo, herufi W, na tarakimu 88. Mwaka 1888 Ujerumani ilipata wafalme watatu, mmoja baada ya mwingine, na wawili kati yao waliitwa Wilhelm, babu na mjukuu. Sasa hiyo W ni ya yupi, wao wajuane.

Mpini ndio unaonivutia zaidi. Singe za aina hii zilikuwa na vibao viwili vya mti, kimoja kila upande, vimeshikwa kwa ribiti za chuma. Kwetu upande mmoja una kibao kilichotoka nacho Ulaya, kimesinyaa na kuwa cheusi kama mkaa. Upande wa pili ni mninga, umechongwa na fundi wa Mbinga, mwekundu, mnene kidogo kuliko mwenzake. Vyote viwili vimefungwa kwa ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Ukishika unasikia tofauti kiganjani: upande huu Ulaya, upande huu kwetu.

Aliyekileta ni baba yake bibi, mtu wa Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Vita ya 1914 ilimkuta kijana. Kama vijana wengi wa pale alibebeshwa mizigo ya Wajerumani, na baada ya majeshi ya Jenerali Northey kuingia Songea mwezi Septemba 1916, akabebeshwa mizigo ya Waingereza. Pande mbili zilizochukiana zilikubaliana kutumia mgongo uleule. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Yeye alirudi, na singe mkononi. Shangazi anasema aliiokota pembeni ya askari aliyekufa kwa homa. Baba mdogo anasema alipewa badala ya ujira ambao haukulipwa. Wote wawili walisimuliwa na mtu yuleyule, wamekaa kwenye mkeka mmoja.

Bibi alipoolewa huku milimani Mbinga, kwa Wamatengo, mwishoni mwa miaka ya 1950, baba yake alimpa ile singe pamoja na chungu na mtungi. Ikapanda mlima. Kuanzia hapo imemenya mihogo, imechinja kuku wa Krismasi na wa Idi (nyumba yetu ina dini mbili), imekata machipukizi kwenye mikahawa, imepasua magunia ya mbolea, imetengeneza usipa na mbasa zilizoletwa kutoka ziwani. Bibi alifariki mwaka 2019. Ukipiga hesabu, singe hii ilitumika vitani miaka minne, ikatumika jikoni na shambani kwa bibi zaidi ya miaka 60.

Hesabu hiyo niliitoa nilipoitwa kama "msomi wa ukoo" kuja kuamua shauri. Mtoto wa baba mdogo alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule inafunguliwa Julai, kahawa bado iko juani haijauzwa. Baba mdogo akapata mnunuzi kwa simu, mtu wa mjini anayepamba ukuta wa mapokezi kwenye loji yake ya watalii. Yule bwana alitumiwa picha, akasema atalipa, ila kwa sharti: kutu itoke, ubapa ung'ae, na ule mpira wa baiskeli uondoke, uwekwe mpini "wa kizamani". Fundi wa kuchomelea pale mjini alikuwa ameshaahidi kwamba kwa grenda na msasa ni kazi ya nusu saa, na vanishi juu yake bure.

"Itarudi kama ilivyotoka kwa Mjerumani," baba mdogo aliniambia, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeona ada imeshalipwa.

Shangazi akamjibu bila kuinua kichwa kwenye ungo. "Nani kakuambia tunataka irudi kwa Mjerumani?"

Hapa niseme neno la kiufundi, maana nimeona watu wengi wenye vitu kama hivi nyumbani, medali za mababu waliopigana Burma na KAR, filimbi za askari, vibuyu vya maji vya jeshi, na wote swali lao la kwanza ni kusugua. Rafiki yangu mmoja aliyesomea uhifadhi alinifundisha kutofautisha kutu mbili. Ile nyekundu, ya unga, inayoacha rangi kidoleni, hiyo inakula chuma na inatakiwa izuiwe. Ile nyeusi au ya kahawia iliyokoza, ngumu, laini ukiipapasa, ni ngozi ambayo chuma kimejiotea chenyewe kwa miaka mingi. Hiyo ukiitoa hujasafisha kitu, umekichuna. Grenda haitofautishi. Inachukua kutu, inachukua ngozi, inachukua taji na herufi W na ile 88, na inakuachia kipande cha chuma kinachong'aa ambacho kingeweza kuwa kimetengenezwa wiki iliyopita. Medali nazo, akina mama zetu huzisugua kwa majivu na limau, na kila mwaka uso wa mfalme unazidi kuwa kama wa mtu aliyelala kifudifudi. Wanaokusanya vitu hivi huko Ulaya na Marekani kwa kawaida hushusha bei ya kitu kilichosuguliwa. Nilimwambia baba mdogo habari hiyo. Akasema mnunuzi wake hayuko Ulaya, yuko kwenye WhatsApp.

Na kweli alikuwa na hoja. Mimi nilikuwa natetea herufi kwenye chuma, yeye anatetea godoro na ada ya mtoto.

Nikaomba siku tatu. Nikashuka ziwani.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami, unateremka kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba, kisha ghafla ziwa linafunguka chini yako. Liuli iko kaskazini mwa hapo. Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe kubwa lililo pale majini, jiwe la Pomonda, ambalo wao waliliona kama lile sanamu la Misri. Nilikwenda kwa sababu pale ndipo palipotokea kisa cha kijeshi maarufu kuliko vyote vya ziwa hili, na kisa chenyewe, ukikitazama vizuri, ni habari ya chombo kilichokuwa kwenye matengenezo.

Meli iliitwa Hermann von Wissmann. Ililetwa vipande vipande kupitia mito ya Zambezi na Shire, ikaunganishwa, ikaanza kazi ziwani miaka ya 1890. Agosti 1914 ilikuwa imevutwa nchi kavu hapo Liuli, inafanyiwa ukarabati. Nahodha wake, Berndt, alikuwa na rafiki upande wa pili wa ziwa, Mwingereza Rhoades, nahodha wa Gwendolen. Walizoea kukutana na kunywa pamoja. Habari za vita zilimfikia Rhoades kwanza. Akaja, akafyatua mzinga kutoka majini, na Berndt akatoka kwa mtumbwi mdogo akiwa amefura, anataka kujua rafiki yake amepatwa na nini. Alipofika akaambiwa ni mateka. Magazeti ya London yalikipamba kisa hicho kama ushindi wa majini.

Lakini Wissmann haikufa siku ile. Wajerumani walianza kuitengeneza tena, na Mei 1915 Waingereza wakarudi kuivunja. Mwishowe wao wenyewe wakaifufua, na mwaka 1918 ikarudi majini kwa jina la King George. Meli ileile, bendera nyingine. Yaani kila aliyeikarabati aliikarabati ili iwe yake. Nilikaa pale ufukweni, wanawake wanageuza usipa kwenye vichanja, nikawa nafikiria kwamba hakuna ukarabati usio na mwenyewe. Mtu anaposema "irudi kama ilivyokuwa", muulize: ilivyokuwa lini, na mikononi mwa nani?

Ndugu yake Wissmann, kwa maana ya meli ya Kijerumani iliyopinduliwa uraia, iko Ziwa Tanganyika, na hiyo wengi mnaijua. Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, ikafika Kigoma kwa reli ikiwa ndani ya maelfu ya makasha. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila kwanza wakaipaka mashine zake grisi nzito, kwa matumaini ya kuja kuichukua. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mizinga iliondoka. Miaka ya 1970 injini za mvuke nazo zikaondolewa, ikawekwa dizeli. Imebeba dagaa, mananasi, maharusi, na mwaka 1997 ilirudisha makwao maelfu ya wakimbizi wa Kongo. Kila mara inapohitaji matengenezo makubwa wanatokea watu wa nje wanaolilia ile meli ya mwaka 1913. Nawaelewa. Lakini Liemba ipo mpaka leo kwa sababu watu wa Kigoma na Kasanga waliihitaji ya kusafiria, siyo kwa sababu kuna mtu aliikumbuka vita. Grisi ya Wajerumani iliilinda miaka minane chini ya maji. Abiria wameilinda kwa miongo kadhaa.

Mfano huu unamuunga mkono shangazi: kitumie, kitadumu. Ila una kasoro moja ambayo shangazi hakupenda nilipomtajia. Meli ukiibadilisha bati inabaki meli. Singe ukiinoa kila wiki, siku moja utabaki na mpini.

Njia ya tatu ni kabati la kioo, na hiyo niliifikiria kwa uzito. Songea ina Makumbusho ya Majimaji, yamejengwa pale walipozikwa mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa Februari 27, 1906. Nimeshawahi kwenda kwa kazi za kiandishi mara kadhaa, mara ya mwisho niliyoandika ilihusu ziara ya Rais Steinmeier wa Ujerumani, Novemba 1, 2023, alipokuja kuomba msamaha. Familia ya Nduna Songea Mbano bado inasubiri fuvu la babu yao linaloaminika kupelekwa Ujerumani. Ukisimama mahali kama pale huwezi kuongea kuhusu "vitu vya kijeshi vya kale" kwa raha raha kama mkusanyaji wa stempu. Mkuki ulioko Songea na mkuki ulionyakuliwa vitani ukapelekwa Berlin vyote vimehifadhiwa. Pengine ule wa Berlin umehifadhiwa vizuri zaidi, hewa yake inapimwa, kutu haina nafasi. Lakini kwenye daftari za makumbusho ya Ulaya, kwa mikuki ya namna hiyo, jina lililozoeleka kuandikwa ni la ofisa aliyeutoa. Jina la aliyeushika siku ile, la aliyeuhua, la mke aliyeufunga mpini, hayo hakuna aliyeuliza.

Ndipo ilipoanza kunikaa vizuri. Ukarabati aliotaka yule mwenye loji ungerudisha miaka minne na kufuta sitini. Mninga ungetupwa kwa kuwa "si wa asili", ule mbonyeo ungesawazishwa, mpira wa baiskeli ungekwenda jalalani. Ingebaki singe safi ya jeshi lililokuja kuua watu huku, imetundikwa ukutani, na mtalii angepiga nayo picha akiwa na bia mkononi. Bibi yangu angeondolewa kwa msasa namba mbili.

Kuna mizinga ya meli ya Königsberg, iliyozama Rufiji Julai 1915. Wajerumani waliitoa majini, wakaitengenezea magurudumu, wakapigana nayo nchi kavu mpaka maporini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema mizinga ile "irudishwe asili" kwa kujengewa meli. Yale magurudumu ya dharura ndiyo simulizi. Kwa nini basi mpira wa baiskeli, ambao nao ni dharura iliyotatuliwa kwa akili, tuuone kuwa uchafu?

Nilirudi Mbinga na msimamo huo, nikakuta mambo yameshachangamka. Picha ya singe ilikuwa imesambaa kwenye magrupu. Vijana wawili walikuwa wamefika na kipima madini cha kuazima, wanauliza kwa adabu kama chini ya nyumba hakuna rupia za Mjerumani, au zebaki. Kusini huku, ukitaja kitu cha Mjerumani, mtu ataanza kuchimba. Shangazi aliwapa uji, akawaonyesha shimo la choo kipya, akawaambia wakichimba hapo watapata hazina yake. Walichimba futi mbili, wakaaga.

Jioni tulikaa. Nilisema niliyoyasema hapa, kwa maneno machache zaidi. Baba mdogo alinisikiliza, akasema, "Sawa mwandishi. Sasa hayo yote yanalipia nini?" Swali la haki. Tukalilipa kwa njia ya kawaida, grupu la familia, elfu thelathini huyu, hamsini yule, mimi nikatoa kilichokosekana, na mtoto akaondoka na tranka lake. Baba mdogo hakufurahi sana. Alisema mchango una deni ndani yake, mauzo hayana. Sina jibu la hilo, na nadhani yuko sahihi.

Kwa singe tulifanya kidogo mno kiasi kwamba fundi wa grenda angecheka. Kutu nyekundu niliifuta kwa kitambaa na mafuta ya cherehani, taratibu, siku mbili. Nyeusi sikuigusa. Mpira wa baiskeli uliokuwa umeanza kukatika tuliuacha, tukazungushia uzi wa pamba juu yake ushike. Nilitaka tuihifadhi kwenye kopo lisilopitisha ukungu wa Mbinga, unajua Juni hapa ukungu unaingia mpaka kwenye sukari. Shangazi alikubali jiwe la kunolea likome. Kopo alikataa. Alisema kisu kilichofungiwa watoto hawatakijua, na siku akifa yeye, baba mdogo atatafuta mnunuzi mwingine, na hakuna atakayekuwa na sababu ya kumzuia. Kwa hiyo itakaa jikoni, juu ya dirisha, itakata vitu laini tu. Rafiki yangu mhifadhi nilipomweleza alishika kichwa.

Kitu kimoja nilichosisitiza ni karatasi. Nikaandika: aina, taji, 88. Baba yake bibi, mpagazi wa pande mbili, na simulizi zote mbili za jinsi alivyoipata. Safari ya kutoka Liuli. Kibao cha mninga, fundi nani, mwaka gani. Mihogo, kuku, kahawa. Nikamsomea shangazi. Akasahihisha mwaka wa mninga, akasahihisha jina la fundi, kisha akanyamaza kama mtu anayepima kama aseme.

"Umesahau baba yako," akasema.

"Baba alikuwa anaitumia?"

"Alizaliwa shambani, mwaka wa Uhuru, tunachuma kahawa. Mimi nilikuwa mdogo, ndiye niliyetumwa kuchemsha maji. Unadhani kitovu chake kilikatwa na nini?"

Nikaandika. Akaniambia niongeze kwamba maji yalichemka sana, asije mtu akasoma akadhani walikuwa wachafu.